Msukosuko wa Kilwa Kisiwani (1502–1587)

Msukosuko wa Kilwa ni kipindi cha machafuko ya kisiasa na kidini kilichoukumba usultani wa Kilwa Kisiwani, kaskazini mwa Lindi na Mingoyo, baada ya Wareno kufika. Mwaka 1502 nahodha Mreno Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, aliyetawala Kilwa, kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Ibrahim hakukubaliwa na wote kuwa mtawala halali, na mgawanyiko huo wa ndani uliwapa wageni upenyo.

Julai 1505 kamanda Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji, na askari wake wakaupora. Watawa wa Kifransisko waliteremka na misalaba wakiimba, katika mji uliokuwa na Msikiti Mkuu kwa karne kadhaa. Ibrahim alikimbia. Mohamed Ankoni, mwenyeji aliyewaunga mkono Wareno, akatawazwa chini ya ulinzi wa ngome mpya ya Wareno, akauawa mwaka 1506.

Shabaha kuu ya Wareno ilikuwa biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo kusini, katika Msumbiji ya leo. Wareno waliihama ngome mwaka 1512, Uislamu ukabaki imara, lakini biashara ya Kilwa haikurudia ukubwa wake wa awali.

Pigo la kikatili zaidi lilikuja mwaka 1587, Wazimba, wapiganaji kutoka bara, walipovamia kisiwa na kuua wakazi wengi. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981.