Aliyeshika Daftari

Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, ikafika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Desemba mwaka huohuo ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya habari, alieleza kuwa kabla ya hapo wageni na wapagazi walikuwa hatarini kwa kukosa intaneti huko juu. Wengi tulifurahia kwamba sasa mtu anaweza kurusha picha akiwa kileleni. Mimi nilibaki na swali ambalo mlima huu una uzoefu nalo wa muda mrefu: kitu cha thamani kikipita njiani, nani anajua kimepita kiasi gani, na kilichopotea kimepotelea wapi?

Tuanze na maji. Muda mrefu kabla ya Wajerumani kufika Moshi, Wachagga walikuwa wamechimba mifongo, ile mifereji inayochepusha maji ya mito na kuyatembeza kwenye miteremko hadi vihambani. Maji yaligawanywa kwa zamu. Hapakuwa na mita. Palikuwa na wazee waliojua leo ni zamu ya nani, na jua la kuonyesha zamu imefika wapi. Mtu wa chini akipata maji kidogo, maelezo yalikuwa mawili: ama mto umepungua, ama kuna mtu huko juu ametoboa mfereji. Ukiwa umesimama shambani kwako, huwezi kuyatofautisha. Lazima mtu apande, aufuate mfongo hatua kwa hatua, alinganishe maji yanayoingia na yanayotoka.

Kahawa ikaleta mizani. Mwaka 1925 wakulima Waafrika waliunda chama chao, KNPA, kulinda haki yao ya kulima zao ambalo walowezi wengi hawakutaka kuliona mikononi mwao. Mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, ikapimwa, karani akaandika. Kuanzia hapo kilichobaki mkononi mwa mkulima ni namba, na malipo yake yalitegemea namba hiyo. Mwaka 1937 wilaya ya Moshi ilikumbwa na ghasia za kahawa. Wakulima walikuwa wamechoshwa na bei na kulazimishwa kuuza kupitia KNCU peke yake. Mizani ilikuwepo na daftari lilikuwepo. Kilichokosekana ni imani kwa walioyashika.

Ndani ya kompyuta, mizani ni kadi ya mtandao na karani ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi hiyo. Data husafiri katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti inapopita, kadi huongeza moja kwenye kaunta, namba inayokaa ndani ya kadi yenyewe. Kuna kaunta ya pakiti zilizoingia na ya zilizotoka, na kaunta za baiti zake. Kuna ya pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika, ambazo kadi huzitambua kwa hesabu ya uhakiki inayofungwa mwishoni mwa kila moja. Kuna pia ya zilizofika salama lakini zikatupwa kwa sababu foleni ilikuwa imejaa. Draiva huzisoma namba hizo na kuziweka mahali ambapo binadamu anaweza kuziona. Kwenye Linux, mahali pamoja ni faili liitwalo /proc/net/dev, ambalo yeyote mwenye kompyuta hiyo anaweza kulifungua sasa hivi.

Kazi hiyo inaonekana ya kitoto mpaka uitazame kwa karibu. Kaunta nyingi za zamani zilikuwa na biti 32, kwa hiyo haziwezi kuvuka 4,294,967,295. Zikifika hapo hurudi sifuri na kuanza upya, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu. Sheria za usimamizi wa mitandao zilizotolewa mwaka 1991 zilitumia kaunta za namna hiyo, na kwa wakati ule zilitosha. Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi De Montfort University, Uingereza, na taasisi ilikuwa na laini moja ya kilobiti 64 kwa sekunde kwenda nje. Kila mtu alitaka kujua laini inaendaje, akaandika programu ya kusoma kaunta na kuchora grafu, MRTG, ambayo kwa kawaida husoma kila baada ya dakika 5. Kwa kasi ile, kaunta ya baiti ilihitaji siku 6 na ushei kuzunguka.

Laini ya gigabiti 1 kwa sekunde, ikijaa, huzungusha kaunta hiyohiyo kwa sekunde 34. Ukisoma kila baada ya dakika 5, imeshazunguka mara 8 bila wewe kujua. Namba utakayopata itakuwa nzuri, safi, na ya uongo. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1994 viwango vipya vilileta kaunta za biti 64, na Linux nayo ikapanua takwimu zake za mtandao kwa namna hiyo mwaka 2010. Kwa gigabiti 1, kaunta ya biti 64 inahitaji zaidi ya miaka 4,600 kuzunguka.

Ila kuna kadi zenye tabia nyingine. Baadhi ya kadi za Intel za gigabiti 1 hufuta kaunta zake pale tu zinaposomwa. Draiva ikishachukua namba, kwenye kadi inabaki sifuri. Kwa hiyo draiva lazima isome mara kwa mara na kujumlisha katika daftari lake yenyewe. Ikisahau kujumlisha, historia imepotea, na hakuna mahali pengine pa kuirudia. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, hesabu huanza upya. Watu wa Moshi wanajua hali hiyo inavyofanana. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Chama kilirudi, lakini miaka ile ya katikati haikurudi.

Hata taifa limewahi kuuliza swali la mwenye shamba. Nyaya za baharini zilipofika, SEACOM ikianza kazi Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukiwa unatandazwa, mawasiliano yaliongezeka haraka. Mdhibiti alitegemea sana hesabu za kampuni za simu zenyewe: muuzaji ndiye aliyeshika mizani. Mwaka 2013 TCRA ilianza kutumia mtambo wake wa kuhakiki mawasiliano, TTMS, ili kuhesabu simu za kimataifa na kuzikamata zile zinazoingizwa kwa njia za panya. Mapato ya serikali yalitegemea nani anahesabu.

Kuna jambo moja ambalo mizani haiwezi. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa, na kikomo ni kilo 20. Mizani ile inajua kilichokuwa begani pale getini tu. Kitakachoongezwa mbele haikioni. Kaunta nayo ni hivyohivyo. Pakiti iliyopotea kabla ya kufika kwenye kadi haiandikwi na kadi hiyo. Ukitaka kujua imepotelea wapi, linganisha zilizotumwa upande mmoja na zilizopokelewa upande wa pili, kituo kwa kituo. Ni kupanda mfongo.

Fikiria mpagazi aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko juu ya Horombo, na ujumbe wa kuomba msaada unaokwama. Kesho yake kila mtu atakuwa na maelezo. Simu ilikuwa mbovu, wageni walijaza laini kwa video, ukungu, bahati mbaya. Kaunta za pakiti zilizoharibika zikiwa zimepanda, tatizo liko kwenye njia au kifaa. Zikiwa zimepanda za zilizotupwa, foleni ilijaa, na inabidi laini iongezwe au ujumbe wa dharura upewe nafasi ya kwanza. Haya ni majibu mawili tofauti, yenye wahusika tofauti na gharama tofauti. Lakini yanapatikana tu ikiwa kuna aliyezisoma jana, akaandika, na daftari likawekwa mahali ambapo hata mpagazi mwenyewe anaweza kuomba lifunguliwe.