Shawa ya umeme ya papo hapo katika Kitale na Bungoma

Shawa ya umeme ya papo hapo ni kifaa cha plastiki kinachofungwa kwenye ncha ya bomba la bafuni na kuyapasha maji moto yanapopita, pasipo tangi la kuyahifadhi. Ndani yake mna koili ya waya, kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ili kuwasha umeme, na swichi ya ngazi mbili tatu za joto. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya magharibi ya Kenya huitwa instanti, na mara nyingi Lorenzetti, kwa jina la kampuni ya São Paulo, Brazil, iliyoanzishwa mwaka 1923, hata kama sanduku lililo rafuni limetoka kiwanda kingine kabisa.

Kitale na Bungoma ni miji jirani, na barabara baina yake haifiki kilomita 100. Hata hivyo, shawa ileile ikinunuliwa duka moja na kufungwa na fundi mmoja humridhisha mwogaji wa Bungoma na kumtetemesha wa Kitale. Anayeuliza kama kifaa hiki kinaifaa nyumba yake asianzie kwenye sanduku wala bei. Aanzie kwenye baridi ya maji yake, volti zinazomfikia, waya ulio ukutani na kimo cha tangi.

Baridi ya maji

Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini yake kwa karibu mita 500. Wastani wa joto la mwaka Kitale ni nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Bungoma wastani hukaribia nyuzi 21 au 22. Anayetoka Bungoma jioni na shati la mikono mifupi hujuta akishuka stendi ya Kitale.

Maji yaliyo katika bomba lililofukiwa ardhini hufuata wastani wa mwaka. Yaliyo katika tangi juu ya paa hufuata usiku uliopita, kwa hiyo anayeoga saa 11 alfajiri hupokea maji baridi kuliko anayeoga saa 11 jioni, ingawa yote yametoka tangi moja.

Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji karibu kilojuli 4.2. Shawa ya wati 5,500 inayopata umeme wake wote huweza kupasha karibu lita 79 kwa nyuzi 1 kila dakika. Tuseme mwogaji anataka maji ya nyuzi 40. Kitale, maji yakiingia yakiwa nyuzi 16, yapandishwe kwa nyuzi 24, na shawa itatoa lita 3.3 kwa dakika. Bungoma, yakiingia yakiwa nyuzi 22, yatapanda kwa 18 tu, na zitatoka lita 4.4. Lita 3.3 ni chini ya nusu ya maji yanayotoka katika shawa nzuri ya hoteli. Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia: mwogaji wa Kitale hufungua koki zaidi ili apate maji mengi, maji yanapita mbio, yanatoka vuguvugu, na lawama zinamwangukia fundi.

Ili Kitale ipate kile ambacho Bungoma hupata kwa wati 5,500, inahitaji shawa ya wati 7,500. Shawa za ukubwa huo zipo, ila zina madai yake kwa waya, kama itakavyoelezwa.

Volti

Umeme wa nyumbani nchini Kenya hutolewa kwa volti 240, huku shawa nyingi za Brazil zikiandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Nguvu ya koili hupanda na kushuka kwa mraba wa volti, na jambo hili halionekani kwenye sanduku. Kwa volti 240 kamili, shawa hiyohiyo hula karibu wati 6,500. Kwa volti 180 hupata wati 3,700 tu, yaani theluthi moja ya joto lililoandikwa imepotea, na mwogaji wa Kitale anabaki na lita 2.2 kwa dakika. Huko ni kudondoka, si kuoga.

Volti 180 si jambo la kubuni kwa anayeishi mwisho wa laini. Mradi wa kufikisha umeme mashinani, ulioanza mwaka 2015 kupitia Kenya Power, uliunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Nyumba iliyo karibu na transfoma hupata volti nzuri. Iliyo ukingoni hupata mabaki, hasa kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati matumizi ya nchi nzima yanapofikia kilele na kila jirani amewasha taa, televisheni na pasi. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa saa 2 usiku. Fundi mwenye mita ya kupimia volti akija saa 4 asubuhi atakuonyesha namba inayopendeza ambayo hutaioga.

Waya, breka na ardhi

Kwa volti 240, shawa iliyoandikwa wati 5,500 huvuta karibu ampea 27. Ya wati 7,500 huvuta kati ya ampea 34 na 37. Soketi ya kawaida ya ukutani, yenye plagi ya fyuzi ya ampea 13, haiwezi hata nusu ya mzigo wa hii ya pili. Shawa hutaka laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kwa ile ndogo, breka ya ampea 32, na swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyowekwa mahali pasipofikiwa na mkono wenye maji. Kubwa huhitaji breka ya ampea 40, na mara nyingi waya mnene zaidi.

Nyumba nyingi za zamani za kupanga zilivutiwa waya wa milimita 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa, basi. Nyumba ndogo za mashambani zilizounganishwa kupitia mradi wa 2015 zilipewa ubao wenye soketi na taa chache, uliokusudiwa simu, redio na balbu. Kufunga shawa hapo ni kutafuta moto. Dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki, kisha ganda la waya linabadilika rangi karibu na kiungio. Kiungio cha kusokota kwa mkono na kuzungushia utepe mweusi, ambacho mafundi wa haraka hukipenda mno, ndicho huungua kabla ya kingine chochote.

Lililo zito zaidi ni waya wa ardhi. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili imelala uchi ndani ya maji. Maji ya kuoga yanagusa waya wenye umeme. Muundo huo hutegemea mambo mawili: maji yasiyopitisha umeme kwa urahisi, na waya wa ardhi uliofungwa kwenye kifaa na kufika hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa nje. Mwogaji anayehisi vidole vikimchoma anapogusa koki ya chuma ameshapewa onyo, na asisubiri jingine. Boksi la breka liwe pia na kikata-umeme kinachoruka umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kikiruka kila shawa inapowashwa, mafundi wengine hukiondoa ili kazi iendelee. Dawa ni kununua shawa yenye koili iliyofunikwa, wala si kuondoa kinga ya uhai.

Mafundi wa umeme nchini Kenya hupewa leseni na EPRA, mamlaka iliyorithi kazi za ERC chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake si utovu wa adabu.

Maji yenyewe

Kwa miaka mingi maji ya mfereji ya Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili yamekuwa chini ya kampuni ya NZOWASCO, na kwa kuwa mfereji hauna maji kila siku, karibu kila nyumba iliyo na bafu la ndani ina tangi. Kimo cha tangi ndicho presha yako. Kila mita 1 kutoka usawa wa maji hadi kichwa cha shawa huleta karibu kilopaskali 10. Tangi lililokalishwa juu ya slabu ya bafu la nyumba ya chini huwa limezidi shawa kwa mita 1 hivi, na kiwambo cha mpira huinuka kwa shida: shawa huwaka na kuzima, maji ya moto na ya baridi yakipokezana mgongoni. Mnara wa chuma wa mita 3 hutatua jambo hili. Zipo pia shawa zenye pampu ndogo ndani yake, lakini pampu hizo ni kitu kingine cha kuharibika.

Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Oktoba, mito inayoshuka Elgon huleta matope, na chujio dogo lililo kwenye shingo ya shawa huziba. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache, lakini wengi hawajui kama lipo. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye mabati hayana chumvi na huihifadhi koili. Maji ya kisima hutofautiana shamba kwa shamba. Yakiacha ukoko mweupe ndani ya birika, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Gharama

Chukua mtu mmoja anayeoga dakika 7 kwa maji ya nyuzi 40, yaani lita 23 au 24. Kitale atatumia yuniti 0.67 za umeme, Bungoma 0.5. Tukihesabu yuniti kwa shilingi 30, kodi ikiwemo, ni shilingi 20 Kitale na 15 Bungoma kwa kila kuoga. Familia ya watu 5 wa Kitale wanaooga hivyo mara moja kwa siku hula yuniti 100 kwa mwezi kwa shawa pekee, takriban shilingi 3,000, na kuna la ziada: katika bei zilizoanza Aprili 2023, anayevuka yuniti 100 kwa mwezi huingia daraja la juu la wateja wa nyumbani, kwa hiyo shawa huzifanya hata taa na friji kuwa ghali. Wengine hushangaa kwa nini tokeni za shilingi 500 zimeanza kuisha upesi.

Ndoo bado ni mpinzani mkali. Lita 5 za maji yanayokaribia kuchemka, zikichanganywa na lita 10 za baridi, hutosha kuoga vizuri hata Kitale, na joto lake ni karibu theluthi mbili ya lile la shawa.

Njia nyingine

Hita ya gesi ya papo hapo haijali volti. Mtungi wa kilo 13 una joto la kutosha kuoga Kitale karibu mara 200, na gesi hiyo ikinunuliwa kwa shilingi 3,000, kila kuoga ni shilingi 15. Hatari yake ni hewa ya sumu isiyo na harufu. Benjamin Waddy Maughan, aliyetengeneza hita ya gesi ya papo hapo jijini London mwaka 1868, hakuiwekea bomba la kutoa moshi, na kosa hilo linarudiwa hadi leo katika mabafu yenye dirisha moja lililozibwa kwa ajili ya baridi. Hita ya gesi ifungwe nje, ukutani, chini ya kivuli cha paa.

Mtambo wa jua uliwahi kuwekewa sheria. Kanuni za 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Miji hii miwili iko karibu na mstari wa ikweta na jua lipo, ila Juni hadi Agosti mawingu huliziba na mtambo huhitaji koili ya kuusaidia. Faida yake kubwa huonekana stima inapopotea. Katika giza lililoifunika nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, mwenye tangi la maji moto aliweza bado kuoga, mwenye instanti hakuweza.

Kwa maoni ya mwandishi, shawa ya umeme ni chaguo zuri Bungoma mjini, kwa watu wawili watatu, penye waya mpya na tangi lililoinuliwa. Kitale inafaa kwa mtu mmoja au wawili walio karibu na transfoma. Familia kubwa iliyo kwenye nyumba yake yenyewe ingepeleka fedha zake kwenye jua, hata kwa kuchangachanga.

Nyumba za kupanga

Mpangaji hana uhuru huo. Akifunga shawa kwa fedha zake, waya alioupitisha ukutani hubaki kwa mwenye nyumba, na kifaa chenyewe ni chake akihama. Mapatano hayo yaandikwe kabla ukuta haujachimbwa. Penye mita moja kwa ploti nzima, mwenye nyumba mara nyingi hukataa instanti, na ana sababu: shawa mbili zikiwashwa pamoja alfajiri huvuta zaidi ya ampea 50. Koili ikikatika huuzwa peke yake na hubadilishwa bila kununua shawa nzima, mradi iwe ya modeli ileile na breka imezimwa kabla mfuniko haujafunguliwa.