Antena ya Paa la Gari kama Chanzo cha Historia

Tunapofundishwa vyanzo vya historia, tunatajiwa nyaraka, masimulizi ya mdomo na mabaki ya kale. Katika insha hii ninadai kwamba hata kifaa cha juzi kinaweza kusomwa kama chanzo. Mfano wangu ni antena ya gari la mjomba hapa Kampala, gari lililoagizwa kutoka Japani likiwa limeshatumika.

Umbo la antena hiyo limetokana na fizikia. Mawimbi ya redio yalithibitishwa na Heinrich Hertz nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, naye Edwin Armstrong wa Marekani akapata hataza za mfumo wa FM mwaka 1933. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na fimbo ya robo yake, yaani sentimita 75, hulinasa vizuri. Lakini fimbo haifanyi kazi peke yake. Bati la paa ndilo nusu yake ya pili.

Jambo hilo nililiona kwa macho tulipoitengeneza nyumbani. Redio ilikuwa ikikoroma na vituo vikipotea. Tulishusha kitambaa cha dari upande wa nyuma, tukachomoa waya na kufungua nati kwa spana. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka, maji yakaingia, na kutu ikatenganisha kitako cha antena na bati. Tulisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka mpira mpya, tukakaza. Sauti ikarudi safi.

Nyuma ya redio tulikuta kidubwasha ambacho hakikutoka kiwandani: kigeuza masafa. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM, na masafa ya juu yake yakatumiwa na televisheni. Uganda, kama nchi nyingi, hutumia 88 hadi 108. Kifaa hicho hushusha masafa yetu yafikie redio ya Kijapani. Ndiyo maana namba inayoonekana redioni si ile anayoitaja mtangazaji. Hapo uamuzi wa serikali ya Tokyo na biashara ya magari ya mitumba vinakutana ndani ya gari moja.

Kifaa hicho kinahusu siasa zetu pia. Tarehe 25 Januari 1971, Waganda walitangaziwa mapinduzi ya Idi Amin kupitia Redio Uganda, sauti ya serikali. FM za binafsi, kama Sanyu na Capital, zilianza mwaka 1993. Bila vituo hivyo vingi, nani angegharimia kigeuza masafa?

Wapo watakaosema kwamba chuma hakisemi. Ni kweli: antena haiwezi kutuambia nani alizungumza wala msikilizaji aliamini nini. Hayo tutayapata kwenye kumbukumbu za maandishi na kwa wazee. Hata hivyo, hakuna waraka nilioonyeshwa darasani ulioniuliza kwa nini redio ya Kampala inahitaji kigeuza masafa. Swali hilo lilitoka chini ya dari ya gari. Redio mpya zinapofungwa, vigeuza masafa hutupwa pamoja na vyuma chakavu, na mafundi waliovifunga wanazeeka. Wanafunzi wa historia tuwafuate gereji na kuwahoji wakati bado wapo kazini.