Fukwe za Takawiri na Mfangano

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Kaunti ya Homa Bay, katika Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano. Kinajulikana kwa ufuo wake wa mchanga mweupe, jambo adimu upande wa Kenya, ambako kingo nyingi za ziwa ni matope, mafunjo na mawe. Msafiri anayetoka Kisumu kwa kawaida hufika Luanda Kotieno kwa gari, akavuka kwa feri hadi Mbita, kisha akapanda boti ya injini. Ni heri kuondoka asubuhi, kwa sababu mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani na mawimbi yakapanda.

Majabali yako ng'ambo, Mfangano. Kisiwa hicho huinuka hadi takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134. Ndiyo maana mahali pengi mlima hushuka karibu moja kwa moja majini na kuacha vijifuo vyembamba miguuni pake. Mfangano na Rusinga ni masalia ya volkano ya kale ya Kisingiri, iliyokuwa hai zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Majivu yake yalihifadhi mifupa vizuri ajabu: mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa kale.

Kinachoipa Mfangano thamani kuliko mchanga wowote ni michoro ya miambani. Huko Mawanga, karibu na ziwa, na Kwitone, juu zaidi mlimani, kuna miviringo na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti huihusisha na wawindaji wa jamii ya Watwa. Abasuba, waliohamia visiwani baadaye kutoka upande wa Uganda na ambao wengi wao leo huzungumza Dholuo, waliyaheshimu maeneo hayo na kuyahusisha na maombi ya mvua. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, kisiwani humo, huhifadhi habari zake.

Upweke wa fukwe hizi usitiwe chumvi. Ufuo wowote unaoweza kupokea mashua ni mahali pa kazi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipoonekana, na kukipambazuka huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Mbuta nao hupimwa na kuuzwa papo hapo. Shughuli hizo husimamiwa na BMU, vyama vinavyowaunganisha wavuvi, wachuuzi na wenye mashua.

Maji yanavutia kuogelea, lakini kichocho kimeenea ziwani. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na ufuo unaopigwa na mawimbi hauna hakika ya usalama. Viboko na mamba pia wapo.

Upana wa mchanga haudumu. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 maji yaliipita kidogo rekodi ya 1964, yakafunika fukwe, bustani na nyumba nyingi za kandokando, kuanzia visiwani hadi Dunga, karibu na Kisumu.