Askari alikula nini? Posho na mizigo katika vita ya wazee wetu

Hakuna mtu wa Bukavu asiyeijua kambi Saio. Lakini ukimuuliza kijana Saio ni nani, mara nyingi atakujibu kwamba ni jina la mzungu fulani wa zamani. Hapana. Saio ni mji mdogo wa milimani kule Ethiopia, ambako tarehe 3 Julai 1941 jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa askari wa Kongo waliokuwa chini ya jenerali Gilliaert. Na kabla ya Saio kulikuwa Tabora, mwaka 1916. Majina hayo mawili tulifundishwa shuleni pamoja na tarehe zake, na mwalimu akapita haraka kwenye somo lingine.

Katika kurasa hizi tunataka kuuliza jambo la jikoni. Wazee hao walikula nini? Nani aliwapikia? Na chakula chenyewe kilifika namna gani? Tutakaa zaidi kwenye vita ya kwanza, ile ya 1914-1918, sababu ilianzia hapa kwetu, kwenye maji ya Kivu na Ruzizi.

Wakati ule Bukavu haikuwa mji. Ilikuwa posti ya Bula Matari karibu na Nyalukemba. Ng'ambo ya Ruzizi, Shangugu, walikuwa Wajerumani, wale wazee waliowaita Wadachi. Ni umbali ambao leo mama anauvuka asubuhi na beseni ya nyanya kichwani na kurudi kabla ya chakula cha saa sita. Septemba 1914 Wadachi walichukua kisiwa cha Idjwi, na kutoka hapo mpaka Aprili 1916 majeshi mawili yalikaa yakitazamana: kwenye ziwa, kwenye Ruzizi, na kule kaskazini kwenye volkano. Huo ni mwaka mmoja na nusu wa kulinda, kuchimba mashimo, kuota moto usiku, na kungoja chakula.

Inchi yenyewe haikuwa maskini. Bushi ilikuwa na maharagi, mtama, ndizi, viazi vitamu na ng'ombe. (Msomaji asitafute sambaza katika hadithi hii. Samaki huyo tunayemla leo karibu kila siku alitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Kivu mwaka 1959 tu.) Lakini maaskari wengi hawakuwa watu wa milima hii. Walitoka Maniema, Uele, Kasai, inchi za joto, na tumbo lao lilizoea muhogo, mchele wa Kasongo ao ndizi za porini. Ukimpa mtu kama huyo maharagi magumu kila siku, tena bila mafuta na chumvi kidogo, atakula sababu ana njaa, lakini mwili utakataa.

Chakula kingine, pamoja na risasi, dawa na nguo, kilitoka mbali sana. Ukifuata mzigo mmoja kutoka pwani ya magharibi utachoka kwa kusoma tu: Matadi mpaka Kinshasa kwa reli, Kinshasa mpaka Kisangani kwa meli ya mtoni, kisha reli mpaka Ubundu, maji tena mpaka Kindu, reli mpaka Kongolo, maji mpaka Kabalo, na reli mpaka Kalemie, ambayo ilimalizika mwaka 1915. Hapo mzigo ulikuta Ziwa Tanganyika, ambalo mpaka mwanzo wa 1916 lilikuwa mikononi mwa meli za Wadachi. Waingereza walipoleta mashua zao mbili, Mimi na Toutou, wakakamata Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuzamisha Hedwig von Wissmann Februari iliyofuata, njia ya Uvira ikapata nafuu. Lakini kutoka Uvira kuja huku hakukuwa na reli wala barabara ya motokari. Wale wanaosafiri leo kwa njia ya Ngomo, wenye kufumba macho dereva anapokata kona, wafikiri mtu anapanda kwa miguu na mzigo kichwani.

Hapa lazima tupige hesabu kidogo, sababu ndiyo inaeleza mambo yote. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Kwa askari anayengoja mbele zimebaki kilo tano. Umbali wa siku kumi na mbili, imebaki kilo moja. Siku kumi na tatu, mpagazi amekwenda bure na amerudi na njaa. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili tu: kuweka depo njiani na wapagazi wapya kila sehemu, maana yake kuchukua watu wengi zaidi, ao kula inchi ambayo jeshi linapita ndani yake. Wabelgiji walifanya yote mawili.

Ndiyo sababu jeshi ambalo lilikuwa na askari elfu kumi na kitu katika mashambulizi ya 1916 lilichukua, kwa vita yote, wapagazi wapata 260,000. Soma tena hesabu hiyo pole pole. Walikamatwa kwa njia ya machifu, kijiji kwa kijiji, upande wetu na baadaye upande wa Rwanda na Burundi, kila jeshi lilipofika. Wengine walikwenda safari ya wiki moja wakarudi. Wengine hawakurudi.

Waingereza nao waliwakopesha Wabelgiji wapagazi kutoka Uganda, zaidi ya 8,000, katika kikosi kilichoitwa Carbel, kwa kuhudumia brigadi ya kaskazini ya kolonel Molitor. Zaidi ya 1,000 kati yao walikufa, na si kwa risasi. Waliuawa na kuhara, na baridi ya kifua, na unga. Ndiyo, unga. Mtu aliyezoea ndizi anapewa unga wa mahindi jioni, mvua inanyesha, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi, na kesho alfajiri ni safari. Anakula uji usioiva. Siku tatu, nne, tumbo linaharibika. Mtu mwenye kuhara hawezi kubeba, na asiyeweza kubeba anaachwa kando ya njia. Ongeza baridi ya milima, kwa mtu wa bondeni mwenye nguo moja.

Askari, yeye, alikuwa afadhali kidogo. Posho yake ilihesabiwa kwanza. Tena katika desturi ya Force Publique mwanamke wa askari alikuwa kama sehemu ya kompani: alikaa naye kambini, akatwanga, akatafuta mboga, akapika. Mzungu aliyejua kazi yake alielewa kwamba askari bila jiko lake ni nusu ya askari. Lakini pale jeshi lilipokwenda mbio na wanawake kubaki nyuma, askari alirudi kwenye shida ile ile ya mpagazi: maharagi mabichi na moto wa haraka.

Mashambulizi yalianza Aprili 1916. Brigadi ya kusini ya Olsen, yule Mdenmark, ilivuka Ruzizi na kuingia Shangugu. Brigadi ya Molitor ilifika Kigali tarehe 6 Mei. Kigoma ilianguka mwisho wa Julai, Tabora tarehe 19 Septemba. Miezi mitano kwa mwendo wa miguu. Vitabu vinasifu mbio hizo, na kweli ni za kusifiwa, lakini mbio zilikuwa pia za njaa: jeshi lililosimama mahali pamoja lilimaliza chakula cha jirani zake, kwa hiyo lilikuwa lazima lisonge. Nyuma yake kulibaki nini? Kaskazini-magharibi ya Rwanda, Bugoyi hasa, ambako majeshi yote mawili yalikula tangu 1914, na wanaume wakapelekwa kupagaa wakati wa kulima, kulikuja njaa kubwa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rumanura. Mvua mbaya iliiongeza, lakini vita ilikuwa imekwisha kufungua mlango.

Msomaji wa Bukavu hahitaji kuelezwa sana mambo haya. Ameona mwenyewe, tangu 1996, askari asiye na posho anavyopika kwa sufuria ya watu wengine. Ameona pia Februari 2025, siku M23 ilipoingia mjini, maghala ya PAM yakiporwa karibu tani 7,000 za chakula. Vita ikifika, ghala ni mahali pa kwanza watu kukimbilia.

Baada ya Tabora mfalme wa Ubelgiji alimpa jenerali Tombeur cheo cha ubaroni, na jina la mji likafungwa kwenye jina lake: Tombeur de Tabora. Askari walipata medali. Wapagazi walirudi kwenye mashamba yenye majani, na hapo wakakuta sheria mpya. Mwaka 1917, katikati ya vita, Bula Matari ilianzisha kilimo cha lazima, kusudi jeshi na mali ya serikali visikose chakula na pamba. Vita ilikwisha mwaka 1918; kilimo cha lazima kilidumu mpaka karibu na uhuru. Mzee aliyepigwa fimbo mwaka 1950 sababu shamba lake la pamba lilikuwa na majani, alikuwa bado analipa deni la safari ya Tabora.

Saio yenyewe, ya 1941, ilikuwa na malori, lakini njaa ilikuwa ile ile. Chakula kilipita Sudan, kwa mto Nile na kisha Baro, ambao wakati wa kiangazi haupitishi meli. Askari walikaa miezi mlimani na posho iliyopunguzwa, wengine wakapata kuhara na beriberi, ugonjwa wa mtu anayekula kitu kimoja kila siku. Waitalia walipotoka kujitoa, walikuwa wengi kuliko wale waliowashinda.

Dar es Salaam kuna soko kubwa linaloitwa Kariakoo, na Nairobi kuna Kariokor. Majina yote mawili yanatoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita ile. Kwetu kambi inaitwa Saio, na majina ya Ibanda, Kadutu na Bagira hayasemi lolote juu ya waliobeba. Panda tu soko la Kadutu saa kumi na mbili ya asubuhi, utaona wamama wenye kupanda na kilo hamsini za unga mgongoni, kamba imefungwa kwenye paji la uso. Kama kwenu kuna mzee anayekumbuka babu yake alikwenda Tabora na mzigo gani, na alikula nini njiani, mwandike maneno yake, mtuletee kwa kijitabu kitakachofuata.