Stesheni za Upare Zilizofungwa, na Treni Iliyorudi

Kutoka Ngujini, juu milimani Upare, safari yoyote ya mbali huanza kwa kushuka mlima. Chini, kwenye tambarare kavu, barabara kuu na reli vimepita pamoja. Barabara haijawahi kulala, ila reli ilikaa zaidi ya miaka 20 bila abiria.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii Tanga mwaka 1893. Ujenzi ulisuasua: Mombo ilifikiwa 1905, Moshi 1911. Chini ya safu ya Upare zikazaliwa stesheni za Hedaru, Makanya, Same, Lembeni na Kisangara. Mwaka 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma mbele ya jeshi la Waingereza, walivunja madaraja na kuharibu njia. Waingereza wakaitengeneza, na mwaka 1929 ikafika Arusha.

Kazi ya stesheni haikuwa kukata tiketi tu. Njia ni moja, kwa hiyo treni mbili hupishana stesheni tu. Dereva hakuthubutu kuondoka bila kibali, na stesheni masta hakukitoa kabla ya kuhakikisha na mwenzake wa mbele kwamba njia i wazi. Injini za mvuke nazo zilihitaji maji, na nyika ya Same haina mito mingi, hivyo zilijazwa maji stesheni.

Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha njia hii na Reli ya Kati, abiria wa Upare akaweza kwenda Dar es Salaam kwa treni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa. Matengenezo yakadorora, mabasi yakashika lami, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikasitishwa. Baadaye mizigo nayo ikakoma.

Ukimya huo haukuwa mwisho. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika tena Moshi, Desemba ikafuata ya abiria, na Oktoba 2020 Arusha ikafikiwa. Hilo liliwezekana kwa sababu tuta, madaraja na eneo la reli vilikuwa bado vipo. Kama njia ingeng'olewa na kugawiwa viwanja, fidia pekee ingetosha kuua mradi. Halmashauri za Same na Mwanga zilinde eneo hilo hata pale ambapo treni haisimami: stesheni iliyofungwa hufunguliwa, iliyojengewa nyumba hairudi.