Vitumbua vya Bibi na Sukari ya Pangani

Bibi yangu hakuwa na kipimo. Ukimuuliza sukari kiasi gani, anakujibu, "Mpaka ulimi ukubali." Basi alfajiri moja nikakaa naye jikoni kwake Vanga, kalamu mkononi, nikapima kila alichomimina. Mchele vikombe 2, uliolowekwa usiku kucha. Tui zito la nazi moja. Sukari nusu kikombe, iliki punje 6, hamira kijiko kidogo. Unasaga mpaka uji uwe laini, unauacha uumuke, kisha unamimina kwenye chuma cha vitumbua chenye mafuta kidogo. Upande mmoja ukiiva, geuza.

Chini ya ukurasa nikaandika: "Chakula chetu cha asili." Nikadhani nimemaliza. Kumbe wapi!

Hebu tuangalie asili yenyewe. Mpunga huu tunaoula sana ulivuka bahari kutoka Asia, ukazoeleka pwani mapema. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli. Iliki ni ya milima ya kusini mwa India. Huko huko kusini wanapika paniyaram, unga wa mchele na dengu uliochachushwa, kwenye chuma chenye vishimo kama hiki cha Bibi.

Hayo hayakunisumbua. Pwani ni pwani, vitu huja na pepo. Kilichonisumbua ni sukari.

Nilipokuwa mdogo, sukari tuliijua ya Ramisi, hapo karibu, mpaka kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini kabla ya Ramisi kulikuwa na Pangani. Karne ya 19 mashamba ya miwa yalitanda kando ya mto ule, na waliokata miwa, wakaikamua na kuchemsha maji yake, walikuwa watumwa. Mmoja wa wenye mashamba alikuwa Abushiri bin Salim, yule yule tunayemsoma kama shujaa aliyewapinga Wajerumani mwaka 1888. Mambo yote mawili ni kweli. Upande wetu wa mpaka, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907.

Nilimsomea Bibi haya akiwa anapika. Alinyamaza, akageuza kitumbua, kingine, kingine. Halafu akasema, "Nyanya yangu alizaliwa kwenye miwa hiyo, mwanangu. Sisi tukiambiwa tuseme ametoka Pangani, basi. Usiulize zaidi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani angekuoa mama yako?"

Anayeijua pwani anajua swali hilo si la mzaha. Neno moja kuhusu mtumwa lilitosha kuvunja posa, na familia nyingi zilijitafutia ukoo mwingine wa kuutaja.

Nikamuuliza vitumbua alifundishwa na nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. "Na yeye, si nimekwambia? Aliamka saa kumi za usiku, akauza barazani, akamsomesha baba yangu chuoni."

Nikaifuta ile sentensi ya chini ya ukurasa. Bibi akanitajia jina la nyanya yake, mara mbili, nisikosee herufi. Nimeliandika juu kabisa, kabla ya mchele.